Nyuzi za Bani la Mama

Gundi ya tumbaku haitoki kwa sabuni. Siku ya kuchuma, ikifika saa sita mchana viganja vinakuwa vyeusi, vidole vinashikana, na ukila ugali unausikia uchungu. Nilipokuwa mtoto pale Usoke nilisugua mikono kwa mchanga na majivu kila Jumamosi jioni ili Jumapili nisione aibu kanisani. Hata hivyo, msichana niliyekaa naye benchi moja alikuwa akininusa begani na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Leo mmefungua bani?"

Bani ni kile kijumba kirefu cha tofali cha kukaushia tumbaku, chenye tanuru nje na mabomba ya joto yanayopita ndani karibu na sakafu. Jani bichi haliingii humo ovyo. Linafungwa kwanza kwenye fito. Wanawake wawili hukaa pamoja kivulini, fito ikiwa katikati yao. Mmoja anapokeza majani matatu matatu kwa vikonyo vyake, mwingine anayafunga kwa uzi wa pamba, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka fito ijae. Baada ya siku kadhaa za joto, fito zinashushwa. Anayefungua anavuta ncha moja tu ya uzi na majani yote yanaachia kwa mpigo mmoja. Uzi unaokotwa, unakunjwa, unawekwa kwa msimu unaofuata.

Mama yangu alikuwa mfungaji. Watu walikuwa wakimwita kutoka upande wa pili wa reli aje awafungie, kwa sababu fito zake hazikudondosha jani. Jani likidondoka juu ya bomba la moto, bani zima linaweza kuungua na mwaka wa watu ukaishia hapo. Mimi nilikuwa nakaa mbali na ule mkeka wa kazi. Niliomba nitumwe maji, kuni, popote. Mama hakunilazimisha. Alisema tu, "Mwacheni, huyu ana miguu."

Nilipofaulu kwenda sekondari Tabora mjini nilifurahi kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: sitashika tumbaku tena. Nilikaa kwa shangazi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa Kiislamu, wa ukoo uliokaa mjini tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na kazi yake ilikuwa kushona kofia za wanaume kwa mkono. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, vitobo vidogo vilivyozungukwa na mishono midogo zaidi. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama mlangoni kwake mpaka akanikaribisha kwa kuchoka kunitazama. Ilikuwa kazi safi. Hakukuwa na kitu cheusi popote.

Alinifundisha mwaka mzima, kila nikitoka shule. Siku moja alichukua kofia mikononi mwangu, akaigeuza, akaisogeza dirishani.

"Unashona kama mtu anayesikia treni inapiga honi," alisema.

"Nasikia kweli, mama." Stesheni haikuwa mbali.

"Basi nenda ukapande. Kichwa cha mtu hakishonewi na mtu aliyesimama."

Nilicheka, naye akacheka, lakini kofia ile hakuirudisha mkononi mwangu. Alifumua upande wangu wote na kuushona upya.

Shangazi naye alikuwa na neno lake. Nikianza kuzungumzia miji nisiyoijua alikuwa akisema, "Damu ya wapagazi hiyo." Babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na kwa maelezo yake ndiyo sababu nusu ya ukoo wetu haiwezi kukaa mahali ikamaliza gunia la mahindi. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakawa ya kunirudisha nyumbani, sikurudi nyumbani. Nilikwenda Igunga.

Igunga nilijifunza cherehani kwenye baraza la duka karibu na kituo cha mabasi. Tulikuwa mafundi wanne. Pamba ikishauzwa, watu walikuja na majora kwenye baiskeli, tukawashonea sare za watoto na magauni ya harusi. Nilikuwa fundi mzuri, naweza kusema hivyo bila kujisifu, maana wateja walinisubiri hata nikiwa na foleni. Lakini fundi aliyekaa kushoto kwangu, mwanamume mnene mwenye utani mwingi, alikuwa ameona kitu.

"Dada, wewe ukimaliza sare unaitazama kama imekukosea adabu."

"Imekaa vizuri, au?"

"Imekaa vizuri mno. Ndiyo maana nashangaa."

Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nataka nguo inijibu, na sare hazijibu. Mchana, upepo ukileta vumbi la barabarani na basi la Mwanza likisimama, nilikuwa nasikia kitu kinanivuta kifuani, kama njaa, lakini si njaa ya chakula, wala sikujua ni ya nini. Nilidhani ni hamu ya kuondoka. Nikaondoka.

Tura nilikaa na mwanamume wa reli, mtu mpole, ambaye sina baya la kusema juu yake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na viti viwili vya mbao. Nilianza kufuma. Nilifuma vitambaa vya makochi ambayo hatukuwa nayo, vya meza ambayo hatukuwa nayo, mpaka siku moja aliniuliza kwa heshima zote kama kuna nyumba nyingine ninayoipamba. Treni ikisimama stesheni, nilitoka kuuza ndizi na karanga pamoja na wanawake wengine, na nilijikuta natazama nyuso za abiria kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama yeye. Tuliachana bila kelele. Vile vitambaa nilimwachia.

Halafu Mwanza. Huko nilikaa zaidi kuliko kwingine kote, nikifanya batiki na kikundi cha akina mama. Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja juu ya sheria zote. Kitambaa cha marekani, kile cheupe kisichotiwa rangi, kabla hujakigusa kwa nta wala rangi, chemsha kwanza kwa magadi na sabuni. Kitoke wanga, kitoke mafuta ya mikono ya watu, kitoke kila kilichokuwa nacho. "Kitambaa chenye historia hakipokei rangi," alikuwa akisema, na sisi tulikuwa tukiitikia kama kanisani. Nilichemsha majora na majora. Mikono yangu ilizoea: kabla ya kufikiri, weka sufuria.

Nilipenda batiki kwa miaka. Nilipenda ule wakati nta inapoyeyuka na mstari unatokea mahali ulipodhani umeuficha. Watu walinunua. Lakini hata batiki ilinichosha kwa namna ileile. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, nina ujuzi wa kazi nne, na hakuna hata moja niliyoweza kusema ni yangu. Kila kazi niliipenda kama mtu anavyopenda nyumba ya kupanga.

Mama alifariki nikiwa Mwanza. Nilifika asubuhi ya maziko. Mengine ya siku hiyo sitayaandika.

Baada ya arobaini, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani, aliniambia anataka kubomoa bani. Yeye alishaacha tumbaku, analima mahindi na alizeti, na tofali za bani alitaka kuongezea chumba. Sikuwa na sababu ya kumkataza. Nilisema tu nitamsaidia kutoa vilivyomo.

"Usiingie na gauni hilo, dada, kuna masizi."

"Kule juu kuna nini?"

"Wapi?"

"Pale kwenye boriti. Vile vinavyoning'inia."

"Aa, nyuzi za mama. Nilitaka kuwashia moto."

Alipanda, akazitupa chini moja moja. Zilikuwa mafungu, kila fungu limefungwa kwa kipande cha kanga. Nilizibeba mpaka uani, nikazitandaza juu ya turubai ili nizikung'ute vumbi. Na hapo nilikaa chini.

Mama alikuwa amezitenga kwa misimu. Zile zilizotumika mara chache zilikuwa na rangi ya ugali wa dona. Zilizofuata zilikuwa kama asali ya masika, halafu asali ya kiangazi, halafu chai ya rangi iliyokolea, na fungu la mwisho lilikuwa na rangi ya mbao ya mninga iliyopigwa randa. Si rangi iliyopakwa. Ilikuwa imeingia ndani kabisa ya uzi, gundi ya jani na joto la bani, msimu juu ya msimu, kiasi kwamba ukiukunjua uzi unaona sehemu iliyobana kikonyo ni nyeusi zaidi na sehemu iliyokuwa wazi ni nyepesi. Kila uzi ulikuwa na alama, giza, mwanga, giza, mwanga, zikipishana mwendo wote. Ulikuwa ni mwendo wa mikono ya mama.

Nilikuwa nimetembea duka kwa duka miji yote ile nikitafuta uzi bila kujua natafuta uzi gani. Siku hiyo sikutaka kununua chochote. Nilijua nitafanya nini: nitaziacha zining'inie, ndefu, kwenye fito, zikiunganishwa kwa mafundo tu, bila sindano, bila kitambaa chini yake. Niliiona kazi yote kichwani, upana wake, jinsi rangi zitakavyoshuka kutoka nyepesi hadi nzito. Nililia, na kilio hicho hakikuwa cha msiba peke yake.

Kesho yake asubuhi niliamka, nikawasha moto, nikaweka sufuria kubwa ya misiba, nikatia maji, magadi na sabuni, nikazichemsha.

Hakuna aliyenituma. Sikufikiri. Ni kazi ya uzi, na kazi ya uzi huanza kwa kuchemsha. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele, na nilipofunua kifuniko kukoroga niliona maji yamekuwa meusi kama kahawa. Hata hapo sikuelewa upesi. Niliinua uzi kwa mwiko. Ulikuwa mweupe, mweupe wa kijivu, kama mfupa.

Niliipua sufuria nikachovya uzi tena kwenye maji yaleyale, nikiwa na akili za kichaa kwamba rangi itarudi. Niliuacha mchana kutwa. Ulitoka na madoa, mchafu tu. Mdogo wangu alirudi kutoka shambani, akasimama juu ya turubai.

"Umefua uzi?"

Nilikuwa bado naukamua.

"Sasa unanukia kama nguo za Jumapili," alisema, kisha akaniona uso, akaenda kuninunulia soda. Ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Fungu moja tu lilikuwa limebaki, kwa sababu sufuria ilijaa. Lilikuwa la rangi ya chai. Nililitumia kujaribu. Nilifunga fito mbili, nikaunganisha nyuzi kwa fundo nililolijua, fundo la kawaida, na rangi ilikuwa ileile niliyoiona kichwani, lakini mafundo yalikuwa yamevimba kama chunusi. Yaliua ule mwendo wa giza na mwanga. Nilipiga picha, nikawatumia wenzangu wa Mwanza. Mmoja alijibu upesi: "Hongera mwaya, sasa unavua sato?" Mwingine akauliza neti ina macho mangapi.

Walikuwa sahihi. Ilikuwa ni neti. Uzi ule ulitaka ufungwe kama ulivyozoea kufungwa, fundo lisilo na kichwa, linalobana vikonyo vitatu na bado linaachia ukivuta mara moja. Nilikuwa nimeliona likifungwa maelfu ya mara, tena na mama yangu mzazi, na sikulijua. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji.

Nilikwenda kwa jirani, mama mmoja mtu mzima aliyekaa mkeka mmoja na mama tangu wote wawili walipoolewa huku. Yeye bado alikuwa akilima kipande kidogo cha tumbaku. Nilimkuta anapepeta ulezi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kinyamwezi chetu, ambako mama ni mayu, maana Kiswahili mbele yake hunifanya nijione mgeni.

Aliitikia, akanitazama kwa makini. "Umekonda. Mwanza hawali?"

Nilimweleza nilichokuja kutafuta. Aliweka ungo chini.

"Kufunga mimi sijui."

"Miaka yote ile, mayu?"

"Miaka yote ile napokeza. Mfungaji alikuwa mama yako. Mimi nilikuwa natazama mikono yake tu. Uso wake nilikuwa nauona kanisani."

Nilitoa nyuzi zilizochemshwa kwenye mfuko. Alichukua mmoja, akaunusa, akauvuta kati ya vidole.

"Huu umeufanya nini?"

"Niliuchemsha."

"Ulikuwa unaumwa?"

Alinirudishia mfuko. "Uzi wa tumbaku rangi yake ni tumbaku. Ukitaka irudi, uulete ufanye kazi. Wakwe zangu siku hizi wanafungia nailoni, mimi uzi wa pamba sina. Njoo mvua zikikolea, jani likianza kuiva."

Hiyo ndiyo sababu niko Usoke. Niliwaambia watu wa Mwanza nitarudi baada ya msimu. Mdogo wangu aliliacha bani lisimame, sikumwomba. Alisema tu tofali zake zimechakaa. Nilichukua cherehani, nikawa naweka viraka sare za watoto wa kijiji, nikasubiri jani.

Msimu wa kwanza tulikaa mkekani, mimi upande wa mama, yeye upande wake wa siku zote. Alipokeza majani matatu, nikafunga, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo. Yeye gumba lake halikuonekana."

Nilificha gumba. Majani yalidondoka mapajani mwangu.

"Siyo. Alikuwa anavuta kabla sijaachia. Wewe unangoja niachie, unafunga jani lililolala."

Alijua kila kitu cha mikono ile isipokuwa namna ya kuwa nayo. Aliijua kutoka mbele, kinyume, kama mtu anayesoma maandishi kwenye kioo. Nikikosea alijua palipokosewa. Nikimwomba anionyeshe, vidole vyake vilisimama hewani vikapotea. Kwa hiyo tulikuwa tukitafuta, siku nzima, kwa majani ya watu, na gundi ilipanda viganjani mwangu ileile, nyeusi, na uchungu uleule kwenye ugali. Wakwe zake waliokuwa wakifunga kwa nailoni mkeka wa pili walitushinda fito tano kwa moja. "Mama mkwe," mmoja alisema, "huyu mwanafunzi wako atahitimu lini? Tumletee joho?" Fito zangu za kwanza ziliwekwa karibu na mlango wa bani, mbali na mabomba, na hata hapo mume wa jirani, mwenye bani, alikuwa akichungulia mara kwa mara. Alikuwa na haki. Majani yangu yalidondoka.

Sasa ni msimu wa tatu. Nyuzi za mama zimepita tanuru mara nyingi. Zimeanza kushika rangi ile ya kwanza, ya ugali wa dona, na alama za giza zimeanza kuonekana, ingawa hazipo mahali zilipokuwa. Ni alama za mikono yangu. Harufu pia si ileile. Hili ni bani la watu wengine, kuni zao nyingine, udongo mwingine. Kwa mahesabu yangu ya kubahatisha, kufika rangi ya mninga kutachukua misimu mingi kuliko niliyowahi kukaa mahali popote tangu nizaliwe. Kazi niliyoitafuta maisha yangu yote nimeipata, nayo inadai kitu kimoja ambacho sina. Treni ya kwenda Kigoma ikipita, bado mikono inasimama yenyewe na macho yanafuata mabehewa.

Wiki hii Mwanza walipiga simu. Wamepata jengo, wanataka nije niongoze vijana, na zile "neti" nilizofunga upya kwa fundo la mkekani wameziona kwenye picha, hawacheki tena. Wanataka nizilete zitundikwe. Nilisema nitawajibu. Nataka kwenda. Siandiki hapa ili nionekane mtu aliyetulia.

Jana asubuhi tulikuwa mkekani. Jirani alikuwa akinisimulia habari ya mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa mahubiri, na jinsi mzee wa kanisa alivyomkamata kwa mguu wa nyuma, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi kwa mkono wa juu, kwa sababu viganja vilikuwa na gundi. Alipokeza, nilifunga, alipokeza, nilifunga. Tulikuwa tumemaliza fito tatu ndipo nilipogundua kwamba hajanisahihisha tangu asubuhi. Hakuwa hata akitazama mikono yangu.

Nilimwambia habari ya simu ya Mwanza.

Alipokeza mara mbili au tatu. "Msimu ujao utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mayu."

Alitabasamu, lakini si kwa ubaya. "Hivyohivyo ulikuwa ukimwambia mama yako kwenye simu. Alikuwa anaweka sauti kubwa na mimi nisikie. 'Msimu ujao nakuja kukufungia, mama.' Akikata simu ananiambia, 'Tuendelee, huyu haji.'"

Sikuwa nimelifikiria hilo kwa muda mrefu. Ni kweli nilisema, mwaka baada ya mwaka, kutoka Igunga, kutoka Tura, kutoka Mwanza, na kila niliposema nilikuwa namaanisha. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu wa pili aliyekuwa akisikia. Wala sikujua kwamba mama alikuwa na jibu lake.

"Alikasirika?" niliuliza.

"Akasirike kwa nini? Alikuwa na majani mkononi."

Nilibaki nimeshika uzi. Nilitafuta cha kumwahidi na kila nilichokipata kilikuwa kimeshatumika.

"Shika basi," alisema, "jani linasinyaa."

Nikashika. Fito ile tuliimaliza kabla jua halijafika mkekani, tukavuta nyingine.